Kitabu kilichoikimbia 1...e5: kisa cha injini ya sataranji inayojifunza ufunguzi mtandaoni

Kisa hiki kinahusu injini moja ya sataranji, yaani programu inayocheza yenyewe, iliyoandikwa na mtu mmoja kwa muda wake wa ziada. Jina la injini, la mwenyewe na la wapinzani wake yameondolewa, na hesabu za michezo zimezungushwa pale ambapo namba kamili ingemfichua mtu. Hatua zimeandikwa kama zilivyo kwenye faili za PGN, yaani faili za maandishi zinazohifadhi michezo: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Kitunda, kile kipande kidogo cha mbele, hakina herufi. Nukta tatu ni alama ya hatua ya mweusi: 1...e5 ni jibu lake la kwanza.

## Mazingira

Injini imeandikwa kwa C++ na inacheza kwenye Lichess, tovuti ya sataranji, kwa akaunti ya roboti, ikiwa na alama 2100 hivi kwenye michezo ya haraka ya 3+2, yaani dakika 3 na nyongeza ya sekunde 2 kwa kila hatua. Inakaa kwenye seva ndogo ya kukodi yenye kiini kimoja. Kati yake na Lichess kuna lichess-bot, programu ya Python inayofanya kazi ya daraja: inapokea mialiko, inaipa injini mkao, yaani vipande vilivyosimama ubaoni, inarudisha hatua. Kwa wanaoanza: akaunti ikishacheza hata mchezo mmoja haigeuzwi tena kuwa ya roboti, kwa hiyo hufunguliwa mpya. Roboti pia haipangiwi mpinzani na mfumo kama wanavyopangiwa watu. Kwa kawaida inacheza kwa kualika au kualikwa. Jambo hili la mwisho linaonekana dogo, lakini lina uzito katika kisa hiki.

Kitabu cha ufunguzi, yaani orodha ya hatua za mwanzo ambazo injini huzicheza bila kufikiria, kilijengwa kwa programu ya Polyglot kutoka mkusanyiko wa michezo ya wachezaji wa viwango mchanganyiko, kwa amri hii:

`polyglot make-book -pgn michezo.pgn -bin kitabu.bin -max-ply 24 -min-game 3`

Maana yake: chukua nusu-hatua 24 za mwanzo (12 za kila upande), na uache hatua yoyote iliyochezwa chini ya mara 3. Uzito wa hatua unapatikana kwa kuhesabu pointi 2 kwa kila ushindi na 1 kwa kila sare.

Faili ya Polyglot haina siri. Kila ingizo ni baiti 16: 8 za ufunguo wa mkao, 2 za hatua, 2 za uzito, na 4 za mwisho ziitwazo learn, ambazo programu nyingi hazizigusi. Baiti kubwa hutangulia. Maingizo yamepangwa kwa ufunguo kutoka mdogo hadi mkubwa, ili msomaji aruke katikati ya faili na kuendelea kukata nusu kwa nusu hadi akute anachotafuta. Uzito ukiwa wa baiti 2, hauwezi kuvuka 65535.

Kwenye lichess-bot uchaguzi uliwekwa `weighted_random`, yaani bahati nasibu inayofuata uzito, na `min_weight` ikawa 1. Hatua yenye uzito 0 haichaguliwi kamwe.

## Kwa nini kitabu kijifunze

Sababu ilikuwa nzuri. Kitabu kilichotoka kwa binadamu huipeleka injini kwenye mikao inayopendwa na binadamu. Injini changa inajua kuhesabu vipande na haijui mengine mengi. Ukiipeleka mahali ambapo kitunda kimetolewa ili vipande vitoke haraka, inaona deni tu, malipo haiyaoni. Ikiwa kitabu kitapinda taratibu kuelekea mikao ambayo injini hii inaimudu, alama zitapanda bila kugusa tathmini, yaani jinsi injini inavyoupima mkao, hata kidogo.

Wazo si jipya. Crafty, injini ya Robert Hyatt, ilikuwa ikifanya hivyo miaka ya 1990 kwenye Internet Chess Club, kwa sababu ambayo kila mwenye roboti huijua siku ya kwanza: programu isiyojifunza, ukiifunga leo, unaweza kurudi kesho na kuifunga vilevile, hatua kwa hatua.

Kanuni iliyoandikwa ilikuwa fupi. Kila siku saa 10 alfajiri hati ya Python inapakua PGN za saa 24 zilizopita. Kwa kila hatua ambayo injini iliitoa kitabuni: imeshinda, zidisha uzito kwa 1.2, imefungwa, zidisha kwa 0.8, sare, acha. Desimali inakatwa, kisha uzito unaandikwa palepale kwenye kitabu kilekile. Mistari 40 hivi. Mwenyewe alikataa kuweka hifadhidata ya pembeni akisema kitabu kimoja ni rahisi kunakili na kurudisha. Hoja hiyo ilimgharimu baadaye, kwa sababu nakala ya kwanza ndiyo pekee iliyokuwa na historia yoyote.

## Hitilafu tatu zilizopatikana mapema

Hati haikutumia moduli ya Polyglot iliyomo kwenye python-chess, maktaba ya Python ya sataranji. Mwenyewe aliandika kisomaji chake. Wengi hufanya hivyo, na wengi hujikwaa kwenye mawe haya matatu.

La kwanza ni kumficha mfalme upande wa ngome, hatua moja inayohamisha mfalme na ngome pamoja. Kwenye UCI, lugha ambayo injini huzungumza na programu nyingine, hatua hiyo ni e1g1. Polyglot huiandika kama mfalme anayekula ngome yake mwenyewe: e1h1, e1a1, e8h8, e8a8. Hati ilitafuta e1g1, haikuikuta, ikaongeza ingizo jipya. Injini ikawa na maingizo mawili ya hatua moja, na moja halisomeki.

La pili lilizaliwa na la kwanza: ingizo jipya liliongezwa mwishoni mwa faili badala ya mahali pake kwa mpangilio wa funguo. Msomaji anayekata nusu kwa nusu hatoi onyo lolote. Anapotea tu na kusema mkao haumo kitabuni. Dalili yake ni injini kuanza kufikiria hatua ya 4 katika ufunguzi ambao jana iliucheza kwa kitabu hadi hatua ya 10.

La tatu ni kula kwa kupita, yaani kitunda kula kitunda cha adui kilichotoka kuruka miraba miwili ubavuni pake. FEN nyingi (mkao ulioandikwa kwa mstari mmoja wa maandishi) hutaja e3 mara tu baada ya 1.e4. Ufunguo wa Polyglot hauhesabu safu hiyo isipokuwa kama kuna kitunda cha adui kilichosimama ubavuni, tayari kula. Jaribio la dakika moja linaumbua kosa: mkao wa mwanzo lazima utoe 463b96181691fc9c, na baada ya 1.e4 lazima utoke 823c9b50fd114196. Wa kwanza ukiwa sahihi na wa pili ukakosea, tatizo liko hapo.

Zote tatu zilirekebishwa ndani ya siku chache. Zinatajwa kwa sababu baada ya kuzimaliza, mwenyewe aliamini kuwa kujifunza sasa kunafanya kazi. Kwa upande wa faili, ni kweli kulifanya kazi.

## Wiki tatu kwenye mkao mmoja

Mkao ulioharibu mambo ni wa ufunguzi uitwao Farasi Wawili: 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5 d5 5.exd5. Injini inacheza weusi na ni zamu yake. Kitabu cha awali kilikuwa hivi:

- 5...Na5: 640
- 5...Nxd5: 30
- 5...Nd4: 24
- 5...b5: 18

Yaani Na5, hatua ya kawaida ya wachezaji makini, ilikuwa inachaguliwa karibu mara 9 kati ya 10, na Nxd5 kama mara 4 kati ya 100. Nxd5 inarudisha kitunda mara moja, lakini inaruhusu 6.Nxf7 Kxf7 7.Qf3+ Ke6 8.Nc3, na mfalme mweusi anajikuta amesimama e6, katikati ya ubao, akimlinda farasi wa d5 aliyebanwa. Mweusi ana farasi zaidi kwa kitunda kimoja. Anayejua kushambulia kama mweupe hataki kingine.

Katika wiki tatu Na5 ilichezwa mara 31: ushindi 8, sare 4, vipigo 19. Hesabu ya hati: 640 mara 1.2 kwa nguvu ya 8, mara 0.8 kwa nguvu ya 19. Jibu, chini ya 40.

Vipigo hivyo 19 vilikuwa vya aina gani? PGN ya Lichess ina kichwa cha Termination, na 6 kati yake kiliandikwa "Time forfeit": saa ilikwisha. Mwenyewe alikuwa ameshusha `move_overhead`, akiba ya muda kwa ajili ya ucheleweshaji wa mtandao, hadi milisekunde 100 ili injini ipate muda zaidi wa kufikiri, huku seva yake ikiwa mbali na seva ya Lichess na mtandao wake ukikatika mara kwa mara. Katika 13 zilizobaki, 9 zilikuwa dhidi ya roboti zilizoizidi kwa alama 200 au zaidi. Kwa kanuni ya Elo, inayokadiria matokeo kwa tofauti ya alama, anayezidiwa kwa 200 anategemewa kupata 0.24 ya pointi kwa mchezo, hata akicheza ufunguzi bora duniani. Vilibaki vipigo 4 ambavyo kweli vilianzia kwenye ufunguzi: injini ilifika 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6 ikiwa pungufu ya kitunda, ikashindwa kuona kwamba vipande vyake viko huru zaidi, ikaanza kuvirudisha nyuma.

Nxd5 nayo ilichezwa mara 6, zote ushindi. Uzito wake ulipanda hivi: 30, 36, 43, 51, 61, 73, 87. Wapinzani wote 6 walikuwa chini kwa zaidi ya alama 300, na hakuna hata mmoja aliyecheza 6.Nxf7. Walirudi 6.Nf3 au wakala 6.Bxd5, na mweusi akawa salama.

Nd4 na b5 zilibaki karibu pale zilipokuwa. Kwa hiyo mwisho wa wiki ya tatu, hatua mbaya kuliko zote nne ilikuwa na zaidi ya nusu ya uzito wote wa mkao. Hakuna aliyeliona hilo. Jumla ya alama za injini ilikuwa imepanda kidogo na mwenyewe alikuwa anafurahi.

## Usiku wa michezo 44

Roboti moja yenye nguvu kiasi, nayo ikiwa na kitabu kinachojifunza, iliialika injini jioni na kuendelea kuialika hadi alfajiri. Kikomo cha mialiko kutoka kwa roboti ileile hakikuwekwa kwenye mipangilio, kwa hiyo kila mwaliko ulikubaliwa. Michezo 44, nusu yake injini ikiwa na weusi. Katika yote 22, mpinzani alicheza 4.Ng5.

Injini ilichagua Nxd5 mara 12. Ilifungwa 11 na kupata sare 1. Katika 10 nyingine iliyocheza hatua tofauti, ilishinda 3, sare 2, ikafungwa 5. Jumla ya weusi: ushindi 3, sare 3, vipigo 16.

Kwa kuwa hati inafanya kazi saa 10 alfajiri tu, uzito haukubadilika usiku kucha. Kipigo cha kwanza na cha kumi na moja vilipatikana kwa kitabu kilekile. Mpinzani alijifunza baada ya kila mchezo. Injini yetu ilikuwa imepanga kujifunza kesho.

Asubuhi hati ikaamka na kufanya kazi yake kwa uaminifu. Michezo yote 22 ilikuwa imepitia 1...e5, 2...Nc6, 3...Nf6 na 4...d5, na kila moja ya hatua hizo ikabeba lawama kamili. Kwa 1...e5: 1.2 kwa nguvu ya 3, mara 0.8 kwa nguvu ya 16, sawa na 0.0486. Uzito wake ulikuwa 9,000 ukaangukia chini ya 440. Dhidi ya 1.e4, majibu mengine kama 1...c5, 1...e6 na 1...c6 yalikuwa na jumla ya 1,500. Jana yake 1...e5 ilichaguliwa mara 6 kati ya 7. Leo, chini ya mara 1 kati ya 4.

Kosa lilikuwa kwenye hatua ya 5. Injini ikaacha hatua ya 1.

Mwenyewe aligundua baada ya siku 4, alipoona michezo ya Kihispania na ya Kiitaliano, funguzi zinazoanza na 1...e5, imekuwa michache kwenye orodha, na wengi wanajibiwa Kisisilia, yaani 1...c5. Alisimamisha hati, akarudisha kitabu cha awali, akakaa kusoma PGN.

## Hesabu ilivyokuwa inadanganya

Kuna mambo yanayoonekana ukiiweka kanuni ile kwenye karatasi, hata bila kucheza mchezo mmoja.

Ongeza asilimia 20, punguza asilimia 20: inasikika kama mizani iliyo sawa. Lakini 1.2 mara 0.8 ni 0.96. Ushindi mmoja na kipigo kimoja vinaacha hasara ya asilimia 4. Hatua iliyochezwa mara 100 kwa ushindi 50 na vipigo 50, hatua isiyo na tatizo lolote, inabaki na asilimia 13 ya uzito wake. Kwa maneno mengine, kitabu kilikuwa kinaadhibu hatua kwa kosa la kuchezwa mara nyingi. Kama mtu anang'ang'ania kuzidisha, basi iwe 1.25 na 0.8, ambazo zikikutana zinatoa 1.

Ukataji wa desimali ni mbaya zaidi, na ni rahisi kuupuuza. Uzito 4 ukizidishwa kwa 1.2 ni 4.8, ukikatwa unabaki 4. Uzito 1, 2, 3 vilevile. Chini ya 5 hakuna kupanda. Kuna kushuka tu. Hatua yenye uzito 3 ikifungwa mara tatu inapita 2, 1, 0, na ikifika 0 haichaguliwi tena, kwa hiyo haitapata mchezo wa kujitetea. Kitabu kilichojengwa kwa `-min-game 3` kimejaa maingizo ya namna hiyo kwenye matawi ya mbali. Yalikuwa yanakauka kimyakimya wiki zote tatu, na hata kama usiku ule usingetokea, mti ungepukutika pembeni hadi ubaki shina.

Halafu kuna suala la nani anawajibika. Matokeo ya mchezo ni namba moja, na njia yake kutoka hatua ya 5 hadi ya 60 ni ndefu: hapo katikati kuna mpinzani mzuri au mbovu, mtandao, saa, na makosa ya injini kwenye mwisho wa mchezo. Kuigawa namba hiyo kwa usawa kwa hatua zote za kitabu ni sawa na kumkata mshahara kila mtu aliyemo garini kwa sababu dereva amegonga.

## Matengenezo

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuufunga mlango wa kitabu cha awali. Faili ya Polyglot ikawa ya kusoma tu. Yaliyojifunzwa yakahamia jedwali la SQLite, hifadhidata ndogo ya faili moja, lenye nguzo nne: ufunguo wa mkao, hatua, idadi ya michezo n, na jumla S. Kitabu kinachochezewa hujengwa upya kutoka hivyo viwili, huandikwa kwenye faili ya muda, kisha hubadilishwa jina kwa mkupuo mmoja ili daraja lisije likasoma faili iliyoandikwa nusu. Sasa ukikosea kanuni, unafuta faida ya kanuni peke yake, michezo inabaki.

S inajumlisha tofauti kati ya kilichopatikana na kilichotegemewa kwa alama za wachezaji wawili. Kumfunga aliye chini kwa 400, ambaye dhidi yake unategemewa 0.91, kunaongeza 0.09 tu. Kupata naye sare kunapunguza 0.41. Ukihesabu hivi, ule ushindi wa mara 6 wa Nxd5 ungekuwa makombo.

"Kilichopatikana" nacho si matokeo peke yake. Ni wastani wa matokeo (1, 0.5 au 0) na hukumu ya tathmini. Hukumu hii hutolewa kwa kuangalia jinsi injini ilivyojiona baada ya kutoka kitabuni: ikijiona juu kwa zaidi ya nusu kitunda ni 1, chini kwa zaidi ya nusu kitunda ni 0, katikati ni 0.5. Jaribio la kwanza lilitumia tathmini ya hatua ya kwanza nje ya kitabu, na hapo Nxd5 ikatoa fundisho. Baada ya 8.Nc3 injini ilijiona inaongoza kwa kitunda 1.3 hivi, maana ilimhesabu farasi wa ziada na haikuuona mfalme wa e6. Kwa kipimo hicho mkao ule ungepewa 1 kila mara. Ilichukua hatua 5 au 6 mpaka tathmini ivuke sifuri na kuzama. Ndiyo maana Crafty ilikuwa ikisubiri hatua 10 baada ya kitabu kabla ya kuamua. Hapa ikachukuliwa tathmini ya kati ya hatua ya 6 hadi ya 10 nje ya kitabu.

Mchezo uliokwisha kwa saa unahesabiwa kwa hukumu ya tathmini tu. Uliotelekezwa hauhesabiwi. Na `move_overhead` ikapandishwa hadi 2000, ambayo ingetosha kuokoa vingi vya vipigo vile 6 hata bila kanuni mpya.

Lawama na sifa zinaanzia nyuma: hatua ya mwisho ya kitabu inapata tofauti nzima, inayoitangulia nusu, inayofuata robo. Hatua isiyo na mbadala kitabuni inarukwa, kwa kuwa hapakuwa na uamuzi. Katika mfano wetu 4...d5 inaguswa kidogo, na 1...e5 inabaki na sehemu ndogo sana.

Uzito mpya unatoka hivi. Kwanza m ni S gawanya kwa n + 20; ile 20 ni kama michezo 20 ya sare iliyowekwa mapema ili michezo mitatu isibadilishe dunia. Kisha uzito wa awali unazidishwa kwa 10 kwa nguvu ya 2m, na kizidishi hakiruhusiwi kushuka chini ya 0.25 wala kupanda juu ya 4. Vipigo 9 mfululizo kutoka kwa wapinzani wa kiwango sawa, tathmini nayo ikikiri, vinatoa S ya −4.5, m ya −0.155, kizidishi cha 0.49. Kanuni ya zamani ingetoa 0.13. Hakuna hatua inayofika sifuri.

Lakini kanuni hii ya upole haingesaidia chochote usiku ule, na mwenyewe alichelewa kukubali hivyo. Kujifunza ufunguzi kunachukua wiki; kuacha kurudia kosa mbele ya mtu yuleyule kunatakiwa kuchukue dakika. Ni kazi mbili. Kwa ya pili likawekwa jedwali dogo la kumbukumbu: jina la mpinzani na mkao wa kutokea kitabuni. Ukifungwa mara 2 na mpinzani yuleyule kutoka mkao uleule, hatua iliyokupeleka huko inazimwa dhidi yake kwa saa 24. Daraja linajua jina la mpinzani kabla mchezo haujaanza, kwa hiyo ni mistari michache tu. Pamoja na hilo, kikomo cha mialiko kutoka roboti moja kikawekwa, na michezo 2 tu kwa siku kutoka kwa mpinzani mmoja ndiyo inayoingia kwenye S ya hatua moja.

Nxd5 yenyewe ilifutwa kwa mkono.

## Matokeo

Baada ya wiki 6 kitabu kilichojifunza kilipimwa dhidi ya kitabu cha awali kwa cutechess-cli, programu ya kuchezesha injini kwa injini, injini ileile pande zote mbili, kila upande ukipewa kitabu chake kwa `book=` na `bookdepth=12`. Michezo 1,200. Kilichojifunza kilipata asilimia 51, ambayo ni kama alama 7 za Elo. Ukingo wa kosa kwa michezo mingi kiasi hicho ni alama 17 hivi kila upande. Kwa hiyo jibu la kweli ni kwamba faida haikuonekana.

Kipimo hicho kina udhaifu wake. Injini ikicheza na nafsi yake haiwezi kuadhibu ufunguzi ambao yenyewe haiuelewi. Upofu wa mweupe ni upofu wa mweusi. Aliyetaka kupima Nxd5 kwa njia hiyo angeikuta haina shida kubwa. Kipimo bora kingekuwa injini 4 au 5 tofauti za kiwango kinachokaribiana, na michezo mingi zaidi, jambo ambalo seva ya kiini kimoja hailimudu kwa wiki.

Mtandaoni kilichobadilika kinahesabika kwa vidole: hakuna tena mpinzani aliyeshinda zaidi ya mara 3 kwa mstari uleule kwa siku moja, vipigo vya saa vimekuwa nadra, na 1...e5 imerudi mahali pake.

## Kilichofaa na kilichokwama

Kutenga kitabu cha awali na yaliyojifunzwa kulifaa kuliko vyote, na kungefaa tangu siku ya kwanza. Kanuni imebadilishwa mara 3 tangu hapo, na kila mara michezo yote ya nyuma imepitishwa upya kwa sekunde chache. Cha pili kwa faida ni lile jedwali la saa 24, ambalo kwa haki si kujifunza ufunguzi hata kidogo.

Kusafisha data kulizaa zaidi kuliko fomula. Mwenyewe alitumia siku mbili kuchagua kati ya 10 kwa nguvu ya 2m na njia nyingine tatu za kukokotoa uzito, na zote zilitoa vitabu vinavyofanana karibu kila mkao. Kuondoa michezo ya saa na kuhesabu alama za mpinzani kulibadilisha mpangilio wa hatua kwenye mikao mingi.

Chanzo cha kitabu hakikuguswa, na pengine ndipo pa kuanzia. Michezo ya viwango mchanganyiko ndiyo iliyoipa Nxd5 uzito wa 30. Kujenga upya kwa `-min-game` kubwa zaidi, au kwa michezo ya wachezaji wa juu tu, kungeiondoa kabla injini haijaicheza hata mara moja. Gharama yake ni kitabu chembamba, na roboti yenye kitabu chembamba inatabirika.

Na5 ilisafishwa jina kwenye vile vipigo 15 visivyo vyake. Lakini michezo mipya imeendelea kuishusha, safari hii kwa haki: kizidishi chake kiko 0.6 na hukumu ya tathmini inaivuta chini kila wiki. Kitabu kinasema ukweli kuhusu injini hii, kwamba mbele ya 7.dxc6 bxc6 haijui la kufanya. Mwenyewe kwa sasa yuko kwenye faili ya tathmini, anaongeza alama kwa vipande vilivyokwisha kutoka nyumbani.